Paleti ya aishedo ya bei mbaya: ichunguze hivi kabla hujalipa

Brandi kubwa ikitoa paleti ya aishedo, yaani rangi ya kupaka kwenye kope, unaingia dukani, unachovya kidole kwenye sampuli, unajiamulia. Brandi ndogo huru mara nyingi hazina kaunta. Zinauza mtandaoni, mzigo unatoka kidogo na kuisha haraka, picha zinametameta, na bei inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile uliyoizoea. Unalipia kitu ambacho hujakigusa. Kazi ya kukigusa inabidi uifanye kwa macho, kwa kalamu na kwa subira kidogo.

Niseme msimamo wangu mapema ili ujue nakuelekeza wapi. Paleti ghali hustahili pesa yake kwa sababu ya visahani, yaani vijisehemu vya rangi ndani yake, viwili au vitatu ambavyo huwezi kuvipata kwingine. Vilivyobaki ni wasindikizaji. Ndiyo maana swali la "je, paleti hii ni nzuri?" silipendi, maana nzuri ziko tele. Uliza hivi: hivyo viwili vitatu ni vipi, vinakaaje kwenye ngozi kama yako, na ukivibebesha bei yote peke yake, bado mkono unakwenda kwenye pochi?

Hatua ya 1: Tenga visahani vinavyobeba bei

Fungua picha ya paleti, chukua karatasi, andika kila kisahani kiko kundi gani. Makundi ya kutosha ni manne: mati, yaani rangi isiyong'aa, shima ya kawaida, yaani rangi yenye mng'ao, duokromu, inayoonyesha rangi mbili ukigeuza kichwa, na maltikromu, inayopita kwenye rangi tatu au zaidi.

Sababu ya kuyatenganisha ni gharama ya malighafi. Mati za kahawia, krimu, udongo na matofali hutengenezwa kwa oksaidi za chuma, ambazo kwenye orodha ya viambato huandikwa kwa namba za rangi CI 77491 (nyekundu), CI 77492 (njano) na CI 77499 (nyeusi), pamoja na titani dioksidi ambayo ni CI 77891. Ni rangi za miaka mingi, zinapatikana kila mahali kwa bei ya chini, na kila kiwanda kinajua kuzishindilia vizuri. Kulipa bei ya kuruka kwa kahawia sita za aina hiyo hakuna maana, hata kama zimepewa majina matamu.

Shima ya kawaida nayo haina siri kubwa. Ni chembe bapa za madini ya maika (CI 77019) zilizofunikwa utando mwembamba wa titani dioksidi. Rangi inayokurudia machoni hutegemea unene wa utando huo: kati ya nanomita 40 na 60 unaona mng'ao wa fedha, ukinenepa inakuja dhahabu, kisha wekundu, kisha buluu, na kwenye 120 hadi 160 unapata kijani. Hii ndiyo kanuni ile ile ya duokromu: weka chembe zenye mng'ao wa kijani juu ya poda ya zambarau na utapata rangi mbili kwa pembe mbili. Inapendeza sana, lakini siku hizi duokromu zipo hata kwenye paleti za bei nafuu.

Maltikromu ndiyo iliyojenga jina la brandi nyingi huru. Chembe zake hubeba tabaka kadhaa, na mwanga ukipita humo unavunjika kwa namna tofauti kila pembe, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kuzitengeneza ni kazi ya gharama, na ili kisahani kionyeshe mabadiliko kwelikweli lazima kiwe na chembe nyingi na poda ya kujazia kidogo. Hapo bei ya juu ina maelezo.

Kuna kundi la tano ambalo wengi hulisahau, nami nalipatia uzito mkubwa: mati ngumu. Buluu iliyokolea, zambarau na kijani cha giza ni mtihani kwa mtengenezaji yeyote. Ultramarini (CI 77007) na zambarau ya manganizi (CI 77742) hazishikani na ngozi kirahisi kama oksaidi za chuma. Ukizichanganya vibaya zinatoa mabaka, au zinapotea ukianza kuzisambaza kwa brashi. Ukikuta brandi ndogo ina zambarau ya mati inayokaa sawasawa, hapo kuna fundi. Kisahani hicho kihesabu kwenye vile vinavyobeba bei.

Sasa piga hesabu. Tuseme paleti ina visahani 12 na inauzwa 90, kwa sarafu yoyote unayotumia. Kwenye karatasi kila kisahani ni 7.5, na ndivyo tangazo linavyotaka uone. Kata vyote unavyoweza kuvipata kwenye paleti ya kawaida. Vikibaki vitatu, kila kimoja kimekugharimu 30. Linganisha na bei ya kisahani kimoja kimoja cha brandi hiyo hiyo, maana nyingi huuza hivyo pia. Mara nyingi utagundua ungeweza kuchukua vile vitatu tu na kuviweka kwenye kikasha tupu chenye sumaku.

Hatua ya 2: Soma viambato, angalau mara moja

Muuzaji asiyeweka orodha ya viambato kwenye ukurasa wa bidhaa, mwandikie aitume. Asipoituma, funga ukurasa. Kwenye hili sina majadiliano, kwa sababu unapaka karibu na mboni ya jicho. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni Na. 1223/2009 inadai kifungashio kiwe na orodha hiyo, namba ya toleo, na jina na anwani ya mtu anayewajibika. Brandi inayouza huko isiyo na vitu hivyo inakuonyesha jinsi inavyofanya kazi.

Rangi kali za waridi, nyekundu, chungwa na zile za neoni zisome kwa makini zaidi. Marekani, rangi yoyote ya kipodozi inayohitaji kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, lazima iwe imeruhusiwa mahsusi kwa eneo la jicho, na baadhi ya rangi hizo kali hazijaruhusiwa. Ndiyo maana utakuta paleti inaitwa "pigmenti iliyoshindiliwa" badala ya aishedo, na kwa herufi ndogo nyuma imeandikwa visahani kadhaa visipakwe karibu na macho. Baadhi ya rangi hizo hizo zinakubalika Ulaya, kwa hiyo maandishi hayo hayamaanishi ni sumu. Lakini zina tabia ya kuacha doa kwenye ngozi hata baada ya kunawa, na ukishalipa kwa ajili ya macho halafu lebo ikakwambia usipake machoni, umenunua nini hasa? Uamuzi ni wako, ila ufanye ukiwa umesoma.

Mengine kwa haraka. Karmini (CI 75470) hutokana na wadudu, kwa hiyo asiyetumia bidhaa za wanyama aitazame. Bismathi oksikloraidi (CI 77163) huwawasha baadhi ya watu. Glita ya plastiki yenye vipande vikubwa inaweza kukwaruza jicho, na anayevaa lenzi aikwepe kabisa. Alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye 12M au 24M ni idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua.

Usitegemee orodha ikuambie ubora. Mng'ao wa fedha wa kawaida na duokromu ya kijani vinaweza kuandikwa kwa maneno yale yale, maika na titani dioksidi, kwa sababu unene wa utando hauandikwi popote. Viambato vinakuambia usalama na mzio. Kuhusu uzuri, nenda kwenye picha.

Hatua ya 3: Zisome picha kama mtu asiyeaminiwa kirahisi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, tena kwa taa nzuri. Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi zaidi, nami nakushauri usikimbilie.

Anza na swachi, ule mpako wa majaribio mkononi. Swachi ya kidole ndiyo inayosifu kuliko zote: kidole kina joto na mafuta kidogo, kinashindilia chembe, na ngozi ya ndani ya mkono haina mikunjo. Wakiongeza praima (kipodozi cha kupaka kwanza ili rangi ishike) yenye kunata au gundi ya glita chini yake, hata shima hafifu itaonekana kama chuma kilichoyeyushwa. Swachi za hivyo zina kazi moja tu, kukuonyesha kilele cha rangi. Unachotafuta ni swachi ya brashi juu ya ngozi isiyo na kitu, hasa kwa mati. Zikikosekana kabisa kwenye ukurasa wa brandi, jiulize kwa nini.

Tazama kingo za mpako. Mati nzuri hufifia taratibu kutoka ilipokolea hadi inapoishia. Mbaya ina kingo zilizokatika, au katikati imejaa na pembeni ina vitobo. Angalia pia poda iliyozagaa kando ya swachi. Hiyo ndiyo itakayomwagikia mashavuni.

Kisha tafuta mkono unaofanana na wako. Hili halina mbadala. Mati yenye titani dioksidi au talki nyingi inaweza kupendeza kwenye ngozi nyeupe na kupauka vibaya kwenye ngozi nyeusi, rangi ikageuka majivu. Kinyume chake, maltikromu yenye msingi mweusi huwaka vizuri juu ya ngozi iliyokolea bila kuhitaji chochote chini, ilhali kwenye ngozi nyeupe mtu hulazimika kutandaza rangi ya giza kwanza. Rangi ya mpito, ile ya kuunganisha rangi nyingine kwenye kope, iliyosifiwa na mtu mwenye ngozi ya maziwa inaweza isionekane kabisa kwako. Brandi iliyoweka swachi kwenye mikono mitatu ya rangi tofauti imeshakupunguzia nusu ya kazi. Iliyoweka mkono mmoja imeamua inamuuzia nani.

Kwa duokromu na maltikromu usikubali picha ya kusimama. Picha moja inaweza kupigwa kwenye pembe ile moja tu ambayo rangi inabadilika. Tafuta video, na humo utazame kinachofanya rangi igeuke. Kichwa kikigeuka kidogo na rangi ikahama, hiyo ndiyo utakayoiona kwenye kioo. Mpiga picha akilazimika kuinamisha mkono hadi karibu ulale chini ya taa, basi kwenye kope yako mtu aliyekaa mbele yako ataona rangi moja tu siku nzima.

Halafu macho yenyewe. Mkono hauna mafuta ya kope, haupepesi. Angalia urembo wa macho uliofanywa kwa paleti hiyo peke yake. Warembaji wengi huchukua mati za paleti nyingine wanayoiamini, wanamalizia na shima moja ya paleti mpya, kisha sifa zote zinaangukia ile mpya. Husemwa, lakini kwa sauti ya chini. Ukiona mapitio matatu na yote yanakopa mati nje ya paleti, umeshajua mati zake zikoje.

Anayesifu alipata wapi paleti? Kupewa bure hakumfanyi mtu mwongo. Msimbo wa punguzo unaomlipa kamisheni kila unaponunua unanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu anapata kitu wewe ukishalipa, hata usipoipenda. Wasome walionunua kwa pesa yao, na usome walichosema baada ya wiki kadhaa. Msisimko wa siku ya kufungua boksi hufanana kwa paleti nzuri na mbaya.

Kuna ushahidi mmoja ninaouthamini kuliko mapitio yote: picha za paleti inayouzwa mkono wa pili. Hapo hakuna anayejaribu kukuvutia kwa taa. Unaona kisahani kipi kimechimbwa na kipi hakijaguswa. Ukikuta watu watano wanaiuza, na kwa wote ile maltikromu ya katikati imechovywa mara moja na kuachwa, umepata jibu. Ikiwa haiuzwi na mtu yeyote, au wanaoiuza wameshafikia bati la chini kwenye mati mbili, umepata jibu pia.

Hatua ya 4: Iondoe rangi

Hii ni ya dakika moja. Hifadhi picha ya paleti kwenye simu, ifungue kwenye programu ya kuhariri, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Sasa unaona giza na mwanga tu. Paleti inayojitosheleza itaonyesha angalau kisahani kimoja cheupe kiasi, kadhaa vya kati na kimoja cheusi. Nyingi za bei mbaya zinaonyesha visahani kumi vya kijivu kile kile. Kwa rangi zilionekana tofauti, lakini ukizipaka pamoja kwenye kope zinakuwa wingu moja, na utalazimika kukopa rangi ya giza kwingine kila mara.

Hatua ya 5: Itengeneze kwa vilivyomo kwenye droo yako

Toa ulivyonavyo, tafuta rangi inayokaribia kila kisahani cha paleti unayoitamani. Usikadirie kwa macho kwenye kisahani. Rangi iliyoshindiliwa hudanganya. Paka swachi mkononi, weka simu kando yenye picha ya paleti, simama karibu na dirisha.

Kwa siku chache, jirembe kwa rangi hizo ulizokusanya. Ukijikuta hata siku ya pili hukuzigusa, tatizo si kwamba hazijatoka brandi ile. Rangi za namna hiyo hazina nafasi kwenye maisha yako, na zile ghali zingelala vilevile. Ukizitumia kila siku na kila mara ukasema "laiti ile ya kijani ingekuwa inageuka kuwa dhahabu", basi umeshapata kisahani chako.

Hatua ya 6: Hesabu ya kweli

Bei kwa gramu inapendwa sana kwenye mapitio, nami siiamini sana. Kisahani cha duara cha milimita 26, kipimo cha kawaida kwa brandi huru, hubeba takribani gramu moja na nusu hadi mbili, na ni wachache mno waliowahi kukimaliza. Isitoshe, gramu hazikuambii ujazo. Poda iliyoshindiliwa sana ina uzito mkubwa na inatoka kwa shida. Gramu zinasaidia kwa jambo moja: kukamata kisahani kikubwa chenye poda nyembamba kama karatasi.

Hesabu inayofaa ni ya matumizi. Jumlisha bei, usafirishaji, ushuru wa forodha kama inavuka mpaka, na ada ya kubadilisha fedha ya benki. Gawa kwa idadi ya mara utakazoipaka kwa mwaka, ukiwa mkweli kuhusu tabia yako ya sasa wala si tabia unayotarajia kuwa nayo. Jumla hiyo mara nyingi hupita bei ya tangazo kwa kiasi cha kushtua.

Hatua ya 7: Mchunguze muuzaji

Brandi ndogo kweli ina watu wachache, na nyingine hushindilia visahani kwa mkono. Hilo lina uzuri wake, na lina kasoro: toleo la mwezi huu linaweza kuwa gumu kuliko la mwezi uliopita. Kwa hiyo mapitio ya mwaka juzi yana thamani ndogo kuliko unavyodhani.

Tafuta majibu ya mambo haya. Kisahani kikifika kimevunjika wanafanya nini? Wanauza kilichopo, au unalipa sasa wakatengeneze baadaye, na walioagiza hivyo mara iliyopita walisubiri muda gani? "Toleo la mwisho" la mwaka jana lilirudi? Kama lilirudi, saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wao usiipe hata robo ya moyo wako.

Pia pakia picha ya paleti kwenye utafutaji wa picha. Kuna viwanda vinavyouza paleti zilizokamilika kwa yeyote atakayebandika jina lake, mpangilio ule ule, michoro ile ile iliyogandamizwa juu ya poda. Si kosa kisheria, na poda inaweza kuwa nzuri. Lakini kulipa bei ya ubunifu kwa kitu kinachouzwa chini ya majina manne ni kumtajirisha mtu kwa stika.

Kama brandi inauza kisahani kimoja kimoja, nunua kimoja kwanza. Chagua kigumu, ile zambarau au buluu ya mati, uache maltikromu. Maltikromu itakufurahisha kwa vyovyote, na furaha hiyo haitakuambia lolote kuhusu paleti nzima.

Hatua ya 8: Ikifika, usiifurahie haraka

Kabla ya kuchovya, piga picha ya kila kitu, pamoja na namba ya toleo na ufa wowote. Soma masharti ya kurudisha: wengi hukubali bidhaa isiyoguswa tu, hivyo kama rangi kwa macho tu haifanani na uliyoahidiwa, huo ndio wakati wa kulalamika.

Ukishaamua kujaribu, futa tabaka la juu kwa tishu, kwani mashine au mkono huacha ganda jembamba juu. Kisha fanya jaribio la macho mawili. Jicho moja paka rangi za paleti mpya, jingine zile ulizokusanya kwenye hatua ya 5. Praima ile ile, brashi zile zile zilizosafishwa, idadi ile ile ya mipako. Piga picha dirishani mara umalizapo, na tena baada ya saa sita au nane. Tazama mstari wa kope: rangi imejikusanya? Mati imepauka? Chembe zimeshuka chini ya jicho? Mwonyeshe mtu ambaye hajui chochote, umuulize tu ni jicho gani lililopakwa vizuri zaidi. Akibabaika, paleti imeshindwa, maana ililipiwa kushinda waziwazi.

Kisahani kikiwa kigumu na brashi inateleza, usikihukumu hapo hapo. Bandika selotepu juu yake, ibandue, ganda la mafuta litatoka nayo. Shima na maltikromu zijaribu kwa kidole na kwa brashi yenye unyevu kidogo kabla ya kusema hazina rangi. Nyingi hazikutengenezwa kwa brashi kavu.

Ukiamua kuiuza, iuze mapema ikiwa bado inatafutwa. Safisha kwa kufuta tabaka la juu, kisha nyunyizia kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 70 na uiache wazi ikauke kabisa kabla ya kufunga. Kwenye maltikromu zenye mafuta mengi ishia kwenye kufuta tu, spiriti inaweza kuzibadilisha. Na kwenye tangazo lako weka picha ya karibu ya kila kisahani, kwa mwanga wa dirishani, ili anayesoma aone ulichovya wapi.